SOMO LA MWEZI: Masharti ya Kuingia Kikundini, na Mashauri Yasiyohitaji Sharti



Somo la mwezi huu linahusu fedha za nyumbani. Nitalifundisha kama nilivyozoea darasani, yaani kwanza jambo lililotokea, kisha hesabu, na mwisho maswali. Wale watakaolisoma katika mkutano wa mtaa, mmoja asome kwa sauti na mwingine ashike kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi cha akiba na mikopo katika kijiji kimoja cha Muleba. Sitakitaja kikundi chenyewe, kwa sababu wenzangu wengine wangali hai na kosa lilikuwa letu sote. Mwezi wa Februari alikuja kwetu mama mmoja mjane. Hakuja kukopa. Alikuja na daftari la mwanawe wa shule, nyuma yake ameandika madeni yake yote, akaomba tumsaidie kupanga: alipe lipi kwanza, na afikeje mwezi wa Julai atakapokuwa amevuna kahawa. Sisi wenyewe tulikuwa tumetangaza kanisani kwamba kikundi chetu kinatoa mashauri ya matumizi ya nyumbani bure.

Mwenyekiti akamwuliza kama ni mwanachama. Akajibu hapana. Basi tukamsomea masharti: kiingilio shilingi 10,000, picha mbili, mdhamini mwenye kibanja chake, na barua ya mwenye ardhi anayokaa. Kibanja alichokaa kilikuwa cha marehemu mumewe, kikisimamiwa na shemeji yake kwa niaba ya watoto, na shemeji huyo hakutaka kuandika barua yoyote. Mama akakunja daftari lake, akatuaga kwa heshima, akaondoka. Mimi ndimi niliyeandika katika kumbukumbu kwamba ombi lake halikutimiza masharti.

Wiki ile ile aliuza kahawa yake butura.

Hapa Bukoba na Muleba hakuna mkulima asiyelijua neno hilo, lakini kwa ajili ya vijana waliokulia mjini nitaeleza. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mwenye shida hupokea fedha kidogo miezi kadhaa kabla ya mavuno, na mnunuzi huja kuchukua kahawa ikishakauka. Serikali imepiga marufuku jambo hili, nayo haijaacha kufanyika, kwa sababu chanzo chake ni kalenda. Kahawa yetu huleta fedha katikati ya mwaka, bali shule hufunguliwa Januari. Ni kweli ada imefutwa, tangu mwaka 2016 kwa shule za msingi hadi kidato cha nne, na tangu 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, madaftari, viatu na chakula cha mchana havikufutwa. Kwa hiyo kati ya Januari na Mei nyumba nyingi huwa na mahitaji mengi na mfuko mtupu, na huo ndio wakati mnunuzi wa butura anapopita vibanjani.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Tuseme mama amepokea shilingi 60,000 mwezi wa Februari, kwa ahadi ya kilo 60 za kahawa mwezi wa Julai. Amelipwa shilingi 1,000 kwa kilo. Mwezi wa Julai chama cha msingi kinalipa, tuseme, 3,000. Kilo zile 60 zingempa 180,000. Kwa hiyo ameikodi 60,000 kwa miezi mitano, na kodi yake ni 120,000. Kama angekopa fedha hizo hizo katika kikundi kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, riba ya miezi mitano ingekuwa 15,000, na hata hiyo ingerudi kwa wanachama siku ya kugawana. Siku hizi iko pia mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, ambayo marejesho yake hudaiwa kila siku au kila wiki. Mfanyieni mkopo huo hesabu ya namna hii wenyewe kabla ya kutia sahihi.

Turudi kwa mama yetu. Kosa letu lilikuwa wapi? Si kwamba tulikuwa na masharti. Kikundi kisicho na masharti hakimalizi mwaka. Sisi Wahaya tunalijua jambo hilo tangu zamani kutokana na vyama vyetu vya kuzikana na kusaidiana. Watafiti waliokichunguza kijiji cha Nyakatoke, katika Bukoba Vijijini ya wakati ule, walikuta mwaka 2000 kaya 119 tu, lakini ndani yake vyama vya kusaidiana vyenye kanuni zilizo wazi, michango iliyopangwa, na wanachama wanaojulikana kwa majina. Anayechanga huzikiwa, na asiyechanga hujua mapema kwamba hakuchanga. Hakuna ubaya katika hilo.

Kosa letu lilikuwa kuweka vitu viwili nyuma ya mlango mmoja. Akiba na mkopo ni fedha za watu, nazo zinahitaji uanachama. Shauri ni maneno, kalamu na saa moja ya muda. Mtu akipewa shauri, sanduku halipungui hata senti moja. Huko Uingereza liko shirika la Kikristo liitwalo Christians Against Poverty, lililoanzishwa mjini Bradford mwaka 1996, ambalo kwa njia ya makanisa hufundisha watu kupanga mapato na matumizi yao bure. Anayekuja haulizwi kwanza kama ni mshiriki wa kanisa lile. Kama wao wameweza, parishi yetu inashindwaje? Tuna walimu wastaafu, makarani wastaafu na wauguzi wastaafu wanaojua kujumlisha na kutoa.

Basi kwa upande wa mashauri ningependa pasiwe na sharti lolote juu ya anayekuja. Masharti yawe juu ya anayeshauri. Asiwe mkopeshaji wala mnunuzi wa kahawa, wala asiwe na bidhaa ya kumwuzia mtu anayemshauri. Washauri wakae wawili, ili asiwepo wa kusingizia wala wa kusingiziwa. Daftari libaki kwa mwenye nyumba, wala mshauri asiondoke na karatasi yoyote yenye madeni ya mtu. Hilo la siri nalikazia sana. Mtu akisikia madeni yake yakizungumzwa kisimani, hatarudi, na jirani zake hawatakuja kabisa.

Kwa upande wa akiba na mkopo, tujifunze kwa waliotangulia. Mfumo wa hisa na sanduku ambao vikundi vyetu vingi vinaufuata ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini. Tazameni jinsi ulivyopangwa. Wanachama hawazidi 30 hivi, nao huchaguana wenyewe. Kila mkutano mtu hununua hisa moja hadi tano, kwa bei waliyopatana wote. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne. Mfuko wa jamii uko mbali na fedha za mikopo, kwa ajili ya msiba, ugonjwa au janga. Sisi tuliopatwa na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 hatuhitaji kuelezwa faida yake. Mwisho wa mwaka fedha zote hugawanywa kwa kadiri ya hisa. Mpango huu haumwulizi mtu kama ana kibanja. Humwuliza kama wenzake wanamfahamu, na kama atahudhuria.

Sheria nayo tuijue. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya namna hii vimewekwa katika daraja la nne, navyo hutakiwa kuandikishwa kupitia halmashauri. Muwe na katiba na orodha ya wanachama. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaelekeza. Nendeni kwake kabla hamjamlipa mtu wa mjini awaandikie katiba.

Sasa nitasema neno ambalo si kila mtu atalipenda. Viko vikundi vinavyomtaka mwanamke alete sahihi ya mumewe ndipo aingie, na viko vingine vinavyokataa wanaume kabisa. Vyote viwili naona vimekosea hesabu. Katika nyumba zetu nyingi fedha ya kahawa hushikwa na baba, na maharage na ndizi za kuuza ni shughuli ya mama. Ukimfundisha mama peke yake kupanga mwaka, umempangia mtu asiyeshika fedha kubwa ya mwaka. Ukimtaka baba atie sahihi, umempa ufunguo lakini hujamfundisha kitu. Mwiteni baba katika somo, akae na mkewe, waandike pamoja miezi 12 upande mmoja wa karatasi, na mbele ya kila mwezi kinachoingia na kinachotoka. Yule mtu wa mnara katika Luka sura ya 14 aliketi kwanza akahesabu gharama. Sidhani kama alimficha mkewe. Wakikataa kuja pamoja, mama afundishwe hivyo hivyo, na jina lake litoshe.

Je, tusipodai mdhamini mwenye kibanja, fedha hazitapotea? Nitajibu kwa yaliyotupata. Mwaka ule ule tuliomkataa yule mjane, aliyetushinda kulipa alikuwa mwanachama mwenye nyumba nzuri ya bati na ng'ombe, ambaye wadhamini wake wote walikuwa na vibanja. Hakuna aliyethubutu kumdai kwa sababu alikuwa mkubwa wetu. Mzunguko uliofuata tuliondoa sharti la barua ya ardhi, na kiingilio tukaruhusu kilipwe kwa miezi mitano. Wanachama wawili walijitoa kwa hasira. Nilikwenda mwenyewe kwa yule mama kumweleza. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akasema atafikiri. Hakuja mwaka ule. Alikuja mwaka wa pili, na daftari jipya.

Kwa mkutano wa mtaa: someni masharti ya kikundi chenu, moja moja, na mbele ya kila sharti mwandike ni hasara gani linaizuia. Lile ambalo hamkupata la kuandika mbele yake, mlijadili. Kisha mtaje kimoyomoyo, bila kutoa jina, mtu mmoja wa mtaa wenu ambaye masharti hayo yanamwacha nje, na mwulizane ni nani atakayekwenda kwake kabla ya Februari.