Shirika Likipiga Hodi Kijijini

Landcruiser ya mradi ikisimama mbele ya ofisi ya kijiji, swali linalozunguka ni moja: wametuletea nini? Hapo ndipo vijiji vingi vinapopotea. Kabla hujauliza walichobeba, jua kijiji chako kinataka nini. La sivyo mtapewa mizinga ya nyuki wakati shida yenu ni mpaka.

Haya ni yako wewe uliye kwenye halmashauri ya kijiji, kamati ya maliasili au kikundi cha wafugaji. Ni yako pia, kijana uliyesoma kidogo, ambaye kila barua ya kijiji huishia mikononi mwako. Nazungumzia Tanzania, ambako sheria zinakipa kijiji nguvu ambazo wanakijiji wengi hawajawahi kuambiwa.

Taja tatizo moja. "Maendeleo" si tatizo. "Umaskini" ni mpana mno, hakuna anayeushika kwa mradi wa miaka mitatu. Tatizo ni kama hili: njia ya mifugo kwenda bwawani imelimwa, ng'ombe wanapita mashambani, watu wanakatana mapanga. Au: magogo yanatoka usiku na kijiji hakioni hata senti. Au: tembo wamemaliza mahindi msimu wa pili huu. Ukilisema hivyo, nusu ya kazi ya kutafuta shirika umeshaimaliza.

Maana mashirika hayafanani. Shida ikiwa haki za ardhi, HakiArdhi ya Dar es Salaam inafundisha wanavijiji sheria na kufuatilia migogoro tangu 1994. Wakulima wadogo wana MVIWATA, mtandao wao wenyewe ulioanzishwa 1993, makao yake Morogoro. Wanaosimamia misitu ya vijiji wana mtandao wa MJUMITA. Wafugaji na wawindaji wa kaskazini wanalijua Ujamaa Community Resource Team la Arusha. Shirika hilo ndilo lililowasaidia Wahadzabe kupata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja mwaka 2011, na kiongozi wake Edward Loure akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2016. Kama kwenu kuna malisho, ulizia hati ya namna hiyo. Malisho yakikatwa vipande vya mtu mmoja mmoja, si malisho tena.

Na tembo? Shirika la Honeyguide linafundisha vikundi vya vijana kuwafukuza kwa tochi kali, honi, na kondomu iliyojazwa unga wa pilipili na fataki ndani. Usicheke. Tembo hacheki.

Turudi kwenye misitu, nataka tukae huko kidogo, kwa sababu ndiko kuliko na somo zuri la nini shirika linaweza na nini haliwezi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu kwenye ardhi yake, kuusimamia na kupata mapato yake. Lakini kutenga kunataka ramani, hesabu ya miti, mpango wa uvunaji na sheria ndogo. Kijiji peke yake hakimudu gharama hizo. Kilwa, shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative liliingia hapo hapo. Halikuwapa watu mpingo, mpingo walikuwa nao. Liliwasaidia kupima, kupanga na kutafuta soko, hadi mwaka 2009 likapata cheti cha kundi cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Mpingo huo ndio unaochongwa klarineti na obo za Ulaya.

Kilosa walianza na kitu ambacho watu wa hifadhi walikuwa hawataki hata kukisikia: mkaa. Kuanzia 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na MJUMITA walisaidia vijiji kutenga sehemu ya msitu kwa ajili ya mkaa. Sehemu hiyo hugawanywa vipande vya mita 50 kwa 50. Kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa. Visiki havichimbuliwi, vinachipua vyenyewe, na mzunguko umepangwa urudi pale pale baada ya miaka 24. Mchoma mkaa analipa ushuru kijijini na anapewa risiti. Ukitaka kujifunza, omba kupelekwa ziara ya mafunzo kwenye kijiji cha namna hii kuliko kuitiwa semina hotelini.

Kwa hiyo omba utaalamu na karatasi kabla ya kuomba vitu. Pampu itaharibika. Mpango wa matumizi ya ardhi uliosajiliwa utatumika hata mbele ya baraza la ardhi.

Sasa fungua kabati la ofisi ya kijiji. Tafuta cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake, mpango wa matumizi bora ya ardhi, sheria ndogo, na mihtasari ya mikutano. Kilichokosekana ndicho kitu cha kwanza cha kuomba. Sheria ndogo ziangalie vizuri: zimepita kwenye baraza la madiwani, au ziliishia kupigwa chapa tu? Zisipopitishwa, faini mnayotoza haina miguu. Na kama mna ugomvi wa mpaka na kijiji jirani, kaeni nao mmalize. Mpimaji akifika na kukuta vijiji viwili vinabishania kilima, atageuza gari, na bajeti ya mwaka huo itakwenda kwingine.

Kisha mkutano mkuu. Hapa usiwe na haraka. Mkutano mkuu wa kijiji ni watu wazima wote, miaka 18 na kuendelea. Mambo makubwa ya ardhi hayaamuliwi na mwenyekiti na mtendaji wakiwa na mgeni chini ya mwembe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inaishika ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na kuigawa inahitaji ridhaa ya mkutano mkuu. Shirika linaloharakisha hatua hii kwa sababu "mfadhili anasubiri ripoti" lisubirishwe.

Chagua siku na saa kwa akili. Wanawake wakiwa kisimani, mkutano ni nusu. Wafugaji wakiwa wamehama na mifugo kiangazi, usipitishe mpango wa matumizi ya ardhi. Ukipitisha, watarudi masika wakute malisho yao yameandikwa mashamba, na hapo hakuna shirika litakaloamua ugomvi. Sheria yenyewe inataka wanawake wasiopungua watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Kwenye kamati za mradi usiweke chini ya hapo.

Muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo, usomwe kwa sauti, usainiwe. Karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa: tarehe, ajenda, jina la kijiji. Iwe na jina, kitongoji, na saini au dole gumba. Jina la mwisho likishaandikwa, piga mstari chini yake ili lisiongezwe lingine. Hii si shuku ya bure. Saini za watu waliopokea soda na posho zinaweza kubandikwa baadaye kwenye waraka ambao hawakuuona, zikaitwa ridhaa ya kijiji. Piga picha kila ukurasa kwa simu, utume kwenye grupu la WhatsApp la kijiji. Kabati linaweza kuungua, lakini grupu lina nakala mia.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Acha "tunayo heshima kubwa na taadhima" isiyoisha. Andika hivi:

"Bwawa pekee la mifugo liko kitongoji cha mashariki, na njia ya kuliendea imelimwa. Mkutano mkuu umeridhia njia ifunguliwe na iingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, muhtasari umeambatishwa. Mipaka na kijiji jirani tumeshakubaliana. Tunaomba mtaalamu wa kupima na mafunzo kwa kamati. Sisi tutatoa vibarua, chakula cha wapimaji na mawe ya mipaka."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua milango. Ofisa wa shirika husoma barua nyingi zinazoomba, chache zinazosema "sisi tutatoa". Nakala ipeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya na diwani. Shirika lolote makini litapita wilayani kwanza, na ni vizuri wakute habari zenu zimeshafika.

Shirika likija lenyewe, usione aibu kuuliza cheti cha usajili. Mashirika yasiyo ya kiserikali yana sheria yake, Namba 24 ya 2002, na yana msajili. Ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya atakusaidia kuhakiki. Halafu fanya uchunguzi wako mwenyewe, ambao ni bora kuliko cheti. Uliza jina la kijiji walichomaliza kazi miaka kadhaa iliyopita, si kile wanachofanyia kazi sasa. Piga simu huko. Usimpigie mwenyekiti peke yake. Mtafute mweka hazina wa kamati, na mama anayeuza chai karibu na ofisi. Waulize nini bado kinafanya kazi.

Wakija kwenye meza ya mazungumzo, maswali yako ni haya. Mradi unaisha lini? Bajeti ya kijiji chetu ni kiasi gani, na inapita akaunti ya nani? GPS, pikipiki, picha na data za msitu wetu zitakuwa za nani? Cheti au leseni itaandikwa jina la nani, na mkiondoka tutabaki na nini? Hili la mwisho liulize hata kwa shirika unalolipenda. Cheti cha kundi kama kile cha Kilwa kinashikiliwa na shirika kwa niaba ya vijiji. Ni mpango mzuri, lakini lazima ujue mapema kwamba kamba imefungwa upande gani.

Makubaliano yawe ya maandishi, kwa Kiswahili, na nakala ibaki kijijini. Wakileta ya Kiingereza tu, waambie mtasaini ikishatafsiriwa. Kila shirika lina mtu wa kufanya kazi hiyo. Weka kipengele cha kila upande kujitoa, na muda wa taarifa. Kama kuna jambo la kisheria linalokukwaza, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao ni ya bure.

Pesa zikianza kuingia, zisome hadharani. Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo na yasomwe kwenye mkutano mkuu, hata kama ni elfu hamsini ya faini. Watiasaini wa akaunti wasiwe ndugu. Risiti zikusanywe na mtu mmoja, zikaguliwe na mwingine. Fedha za msitu huvunja vijiji haraka kuliko moto wa kiangazi, na kila mara huanza na mtu mmoja kukataa kuonyesha daftari.

Kuhusu posho, kubalianeni mapema. Doria ya usiku ina haki ya posho. Kukaa kwenye kiti kusikiliza jambo la kijiji chako hakuna. Kamati iliyozoea posho ya kila kikao hufa siku mradi unapoisha.

Biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kuutunza msitu usikatwe, ni habari mpya na ina haraka nyingi. Tangu 2022 kuna kanuni zake, na kuna Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Ulizia huko na wilayani kama mradi unafahamika kabla hamjaitisha mkutano. Angalia miaka ya mkataba. Halmashauri yenu ya kijiji inakaa madarakani miaka mitano, na mkataba unaweza kuwafunga watakaochaguliwa mara kadhaa baada yenu. Hapo lipieni wakili wenu wenyewe. Yule wa kampuni ya kaboni anailinda kampuni, ndiyo kazi yake.

Na tofautisha shirika na mwekezaji, hata wakija na gari linalofanana. Kisarawe, vijiji 11 vilitoa zaidi ya hekta 8,000 kwa kampuni ya kulima mibono kaburi. Mwaka 2011 mradi ulisimama na watu wakakosa kazi. Ardhi ilikuwa imeshahamishwa kutoka ardhi ya kijiji, na kuondoka kwa kampuni hakukuirudisha. Mtu akisema "ardhi itarudi tu", mwambie aonyeshe kifungu.

Usingoje Landcruiser. Mkutano mkuu wa kawaida huitishwa kila miezi mitatu. Muulize mtendaji wenu tarehe ya ujao, umpe ajenda yako kwa maandishi wiki hii, na ubaki na nakala yenye mhuri.