Msitu Unapoishia: Miti ya Zaraninge na Nyika ya Saadani

Ukitoka nyika ya Saadani ukaingia Msitu wa Zaraninge, hatua chache tu na kila kitu kimebadilika. Nyuma umeacha nyasi za kufika kiunoni, mikoche na migunga iliyosimama mbalimbali. Mbele ni kiza cha majani, na chini huoni nyasi. Mvua ni ileile. Nani basi kaweka mpaka?

Zaidi ya yote ni moto. Gusa gome la mninga au mlama uone lilivyo nene. Hilo ndilo ngao yake. Mche wa mninga huweza kuungua juu mwaka baada ya mwaka, huku mizizi ikinenepa ardhini, hadi siku utakapotoa chipukizi lenye nguvu ya kuupita urefu wa ndimi za moto. Miti mingi ya msituni haina ngao hiyo. Kinga yake ni kivuli: matawi yakishafungana, nyasi zinazotaka jua hufa, na moto ukifika ukingoni hukosa cha kula. Ndiyo maana mti mmoja mkubwa ukikatwa pale ukingoni hasara yake si ya mti mmoja. Jua linaingia, nyasi zinafuata, na kiangazi moto nao umepata njia.

Udongo nao una neno. Mabondeni kuna udongo mweusi unaotuamisha maji masika na kupasuka kiangazi. Miti mingi ya msitu haiuwezi. Hapo hutawala aina ya mgunga yenye miiba iliyovimba, makazi ya sisimizi.

Mpaka huu pia huhama. Zaraninge kuna msandarusi, mti wa utomvu uitwao sandarusi, ambao katika karne ya 19 ulisafirishwa kupitia Zanzibar hadi Marekani kutengenezea vanishi. Sandarusi bora ilichimbwa ardhini, hata mahali ambapo mti wake haukuwepo tena. Wachimbaji walikuwa wakifukua alama za msitu uliokwisha kutoweka.

Nyika nayo hugeuka. Kwenye Ranchi ya Mkwaja, ng'ombe walipunguza nyasi na migunga ikapata nafasi, vichaka vikazidi malisho. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na leo eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Lakini tusidanganyike: kichaka cha miiba si msitu. Migunga kusongamana hakumaanishi kwamba mvule na msandarusi imerudi.

Ndugu mkulima unayepakana na msitu, moto wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ndio unaoula ukingo. Fyeka mkanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba kabla hujawasha, waite majirani, na usiondoke mpaka majivu yapoe.