Kujumlisha Uga wa Umeme wa Chaji Kadhaa: Picha Kwanza, Kanuni Baadaye

Tuliwahi kuwapa wanachuo wetu swali la chaji mbili. Wengi walipata uga wa 4 kutoka chaji ya kwanza na 3 kutoka chaji ya pili, kisha wakaandika jibu kuwa 7. Hesabu ya kujumlisha ilikuwa sahihi, lakini jibu halikuwa sahihi. Tulipochunguza tuliona kwamba kosa lilikuwa letu sisi wakufunzi: tulikuwa tumewapa kanuni kabla ya kuwapa picha.

Yafaa mwalimu wa shule ya msingi alielewe jambo hili. Mtoto aliyesugua kalamu ya plastiki kwenye nywele na kuona inavuta vipande vya karatasi anaweza kuuliza, "Mwalimu, kalamu mbili zitavuta mara mbili?" Mwalimu anayejua kanuni tu atajibu "Ndiyo" na kumpotosha.

Mambo ya kukumbuka

(a) Uga wa umeme mahali fulani ni kani ambayo ingeikuta kila kulombi moja ya chaji chanya iliyowekwa pale. Kwa hiyo uga una ukubwa na mwelekeo.

(b) Chaji chanya hutoa uga unaoelekea mbali nayo. Chaji hasi hutoa uga unaoielekea.

(c) Kutokana na kanuni ya Coulomb, Mfaransa aliyeitangaza mwaka 1785, ukubwa wa uga hupatikana kwa kuzidisha 9 × 10⁹ kwa chaji, kisha kugawanya kwa mraba wa umbali.

(d) Kila chaji hutoa uga wake kana kwamba nyingine hazipo. Uga wote hupatikana kwa kujumlisha mishale, si tarakimu peke yake.

Hatua za somo

Kwanza, tuwatoe wanafunzi uwanjani. Tufunge kamba mbili kwenye pete ya chuma. Mmoja avute kuelekea mashariki, mwingine kaskazini. Wote wataona kwamba pete haiendi mashariki wala kaskazini, bali katikati ya pande hizo. Kisha wavute kwa nguvu sawa kutoka pande zinazokabiliana: pete itatulia, ingawa wote wawili wanatoka jasho.

Pili, turudi darasani na mfano huu. Chaji ya +16 nanokulombi iko meta 6 magharibi ya nukta P, na chaji ya +3 nanokulombi iko meta 3 kusini ya P.

Uga wa kwanza: 9 × 16 ÷ 36 = 4 nyutoni kwa kulombi, kuelekea mashariki.
Uga wa pili: 9 × 3 ÷ 9 = 3 nyutoni kwa kulombi, kuelekea kaskazini.

(Nano ni 10⁻⁹, nayo hufutana na 10⁹.)

Wanafunzi wachore kwa rula mshale wa sentimeta 4 kwenda mashariki, na kutoka ncha yake mshale wa sentimeta 3 kwenda kaskazini. Wapime kutoka mwanzo hadi mwisho: watapata sentimeta 5. Ndipo tuwaonyeshe kwamba Pythagoras anakubaliana na rula yao: 16 + 9 = 25, na kipeuo chake cha pili ni 5. Kwa kipimapembe watapata mwelekeo wa takriban digrii 37 kutoka mashariki kuelekea kaskazini.

Tatu, tuongeze chaji ya +4 nanokulombi, meta 3 mashariki ya P. Kabla ya kukokotoa, kila mmoja abashiri: uga utaongezeka au utapungua? Hesabu ni 9 × 4 ÷ 9 = 4, kuelekea magharibi. Mishale ya mashariki na magharibi inafutana, unabaki uga wa 3 kuelekea kaskazini. Tumeongeza chaji, na uga umepungua kutoka 5 hadi 3! Tena chaji ndogo iliyo karibu imelingana na chaji kubwa mara nne iliyo mbali mara mbili.

Makosa ya kuangalia

Wengine hutumia umbali kati ya chaji na chaji, badala ya umbali kutoka chaji hadi P. Wengine husahau kupiga mraba. Dawa ni moja: mchoro utangulie hesabu.

Zoezi

Badili chaji ya mashariki iwe −4 nanokulombi. Chora, bashiri, kisha kokotoa. (Jibu: takriban 8.5 nyutoni kwa kulombi.) Mwanafunzi akikosea, tusimsahihishie tarakimu, tumwambie atuonyeshe mishale yake.