Kupika Mbege Nyumbani: Kimea Ndicho Kinachoamua

Anayetaka kujifunza kupika bia nyumbani halazimiki kuanza na shayiri wala hopsi za Ulaya. Wachagga wa Kilimanjaro wana mbege, bia ya ndizi na ulezi, na ndani yake mtu anajifunza karibu kila kitu ambacho kiwanda cha bia hukifanya. Mbege haikosekani harusini, na anayekwenda kuomba radhi kwa wazee huibeba pamoja na jani la isale. Kwa kipimo cha kujifunzia, tafuta kilo 3 za ndizi mbivu, nusu kilo ya ulezi na maji safi kama lita 6.

Wengi hudhani ndizi ndiyo kazi. Ndizi ni rahisi. Mbege nyingi huharibikia kwenye kimea.

Osha ulezi, uloweke usiku kucha, kisha uchuje na kuufunika kwa gunia safi lenye unyevu au majani ya mgomba, mahali penye kivuli. Geuza kwa mkono asubuhi na jioni ili joto lisikusanyike katikati. Baada ya siku mbili au tatu vimizizi vyeupe vitakuwa vimetoka na kuanza kushikana. Chukua punje moja uitafune: utamu mwepesi ukija, kimea kimefika. Kianike juani kikauke kabisa, kisha kisage, unga usiwe laini sana. Kikinuka ukungu, au ukiona nyuzi za kijani au nyeusi, tupa chote. Usijaribu kukiokoa kwa kukichemsha, kwa sababu sumu ya ukungu haiishi kwa moto wa jikoni.

Wakati kimea kinakauka, menya ndizi zilizoiva hadi ganda likapata madoa meusi. Zichemshe kwa moto wa wastani mpaka zigeuke rangi ya kahawia iliyoiva, funika, ziache zipoe, halafu ziache zichache kwa siku nne au tano. Huo ndio nyalu. Ukisikia mchemko mdogo ndani ya chombo na kuona povu juu, hamira ya asili imeanza kula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya kaboni. Kwa sababu ya hewa hiyo, usikaze kifuniko kamwe. Kitambaa safi kilichofungwa mdomoni kinatosha. Mchuzi huo ukitulia, uchuje.

Sasa pika uji wa kimea, yaani mso. Wapishi wengi hutia unga wote kwenye maji yanayochemka. Mimi nashauri ubakize konzi mbili. Uji ukishaiva, uache upoe hadi nyuzi 60 hivi, kisha tia ule unga uliobaki na ukoroge. Simama hapo utazame: uji uliokuwa mzito utalegea mbele ya macho yako na kuwa mtamu zaidi, maana vimeng'enya vya kimea vinavunja wanga kuwa sukari. Moto wa kuchemka ungeviua. Funika kwa nusu saa, acha upoe kabisa, changanya na nyalu uliochujwa, ulaze usiku mmoja. Kesho yake mbege inanyweka. Ni bia ya siku moja au mbili. Ikikaa zaidi inakuwa chachu.

Uchungu wa mbege hutoka kwenye gome la msesewe, linalofanya kazi ambayo hopsi hufanya katika bia za kiwandani. Anayeanza anaweza kuliacha kabisa. Mti huo, kitaalamu Rauvolfia caffra, ni wa ukoo mmoja na mmea uliowapa madaktari reserpine, dawa ya kushusha presha. Kwa hiyo mwenye matatizo ya presha ya damu, au anayetumia dawa zake, asiguse mbege yenye gome hilo. Wengine walitumie kidogo, na wamwombe mzee anayeujua mti awaonyeshe, si muuzaji wa barabarani.

Kuhusu vyombo nina msimamo mkali. Chungu, pipa la mbao au ndoo ya plastiki ya kuhifadhia chakula vinafaa. Pipa lililowahi kubeba kemikali au rangi halifai hata likioshwa mara kumi. Ndoo ya bati nayo iache, kwa kuwa uchachu wa mbege unayeyusha madini yake. Mwaka 1876 Louis Pasteur alichapisha kitabu kuhusu bia, akaeleza kuwa bia huharibika kwa sababu ya vijidudu vinavyoingia humo pamoja na hamira. Kwa hiyo mwiko, chujio na kitambaa vichemshwe kila mara kabla ya kutumika.

Usithubutu kukusanya mvuke wa pombe hiyo. Hapo umehama kwenye bia na kuingia kwenye gongo, ambayo sheria ya Tanzania inakataza kutengeneza bila leseni, na ambayo imeua na kupofusha watu. Mbege ya kunywa na jamaa nyumbani ni jambo moja, kuiuza ni jingine: ukitaka kuuza, pita kwanza ofisi ya biashara ya halmashauri yako uulize leseni. Wajawazito na watoto wasipewe hata kata moja, na aliyekunywa asishike usukani wala pikipiki.