Wateja wawili, madirisha mawili, kuki moja

Swali: Nimeunda mfumo wa madeni kwa duka la jumla. Karani akimfungua mteja mmoja katika dirisha la kwanza na mwingine katika la pili, kisha akarudi la kwanza kuhifadhi, deni huandikwa kwa mteja wa pili. Kosa liko wapi?

Jibu: Liko pale ulipomweka “mteja wa sasa” kwenye kipindi cha seva. Kwa kawaida madirisha yote ya kivinjari kimoja hutuma kuki ileile, hivyo seva huyaona kama dirisha moja, na mteja aliyefunguliwa mwisho humfuta wa kwanza. Hili ni kosa zito, maana mtu hudaiwa fedha asizokopa.

Kipindi kibaki na yanayomhusu karani tu: ni nani, ana ruhusa gani. Namba ya mteja iwe kwenye anwani ya ukurasa au ndani ya fomu, isafiri na kila ombi. Seva nayo ihakiki kila mara kwamba karani huyo anaruhusiwa kumgusa mteja huyo, kwani namba ya kwenye anwani mtu yeyote aweza kuibadilisha.

Rasimu isiyohifadhiwa itunze kwenye sessionStorage, ambayo kila kichupo kina yake. Lakini kichupo kikinakiliwa, yaliyomo nayo hunakiliwa.

Na madirisha mawili yakimfungua mteja yuleyule? Ongeza safu ya toleo kwenye jedwali. Toleo lililoletwa na fomu lisipolingana na lililopo, kataa kuhifadhi, umwonyeshe karani kilichobadilika.