Namna ya kuonyesha mwanga wa molekuli zinaporundikana

Rangi nyingi zinazong'aa huzimika zikikolea. Molekuli hubanana bapa kwa bapa, na nishati iliyopaswa kutoka kama mwanga huishia kuwa joto. Ndiyo maana wakemia walisisimka mwaka 2001, kundi la Ben Zhong Tang huko Hong Kong liliporipoti molekuli ziitwazo siloli zenye tabia ya kinyume: giza zikiwa zimeyeyuka, mwanga mkali zikiwa zimerundikana. Jambo hili unaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa tetrafenilethilini, unga mweupe ambao molekuli yake ina pete nne zinazozunguka kama mapanga ya feni. Katika myeyusho pete hucheza na kuila nishati. Zikibanwa, nishati haina pa kutokea ila kwenye mwanga. Na kwa kuwa molekuli hizi zimepinda, haziwezi kulaliana bapa kwa bapa.

Yeyusha miligramu 3.3 za unga huo katika mililita 10 za tetrahidrofurani, yaani THF; huu ndio myeyusho mama. Maji ndiyo yatakayozifanya molekuli zirundikane, kwa hiyo andaa chupa za kioo zenye maji asilimia 0, 50, 70, 80, 90 na 95. Kila chupa iandaliwe peke yake: mikrolita 100 za myeyusho mama, THF ya kutosha, kisha maji yaliyokenekwa, huku ukikoroga kwa nguvu, hadi jumla ifike mililita 10. Kwa ile ya asilimia 90, hiyo ni THF mililita 0.9 na maji 9. Usiongeze maji hatua kwa hatua kwenye chupa moja. Utakuwa unazimua rangi kila mara, na ulinganisho wote utaharibika.

Zima taa, washa taa ya miale ya urujuanimno ya nanomita 365, vaa miwani ya kinga. Chupa isiyo na maji itabaki giza. Zile zenye maji mengi ndizo zitakazowaka buluu. Mwanga usipopanda kwa mfululizo mzuri usishangae, kwani vipande vyenye umbo la fuwele na visivyo na umbo hilo having'ai sawa, na hali hubadilika kadiri chupa inavyokaa. Ziangalie zote baada ya muda uleule.

Kuhusu THF, nasisitiza: inashika moto upesi, na chupa iliyokaa muda mrefu inaweza kuwa na peroksidi zinazolipuka. Ipime kwanza kwa karatasi za peroksidi, na ufanye kazi penye kifyonza mvuke. Vyombo vya plastiki ya polistirini viache kabisa, itaviyeyusha.

Sasa thibitisha. Chembe zinazoelea hutawanya mwanga wa taa, na jicho linaweza kudanganyika, kwa hiyo weka pembeni chupa ya THF na maji bila tetrafenilethilini. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la bamba la silika. Dondosha tone la myeyusho mama, liache likauke, limulike: doa la buluu. Liweke bamba kwenye kisahani chenye matone ya THF, funika kwa kioo. Mvuke ukililowesha, doa hufifia mbele ya macho yako; funua, mvuke utoke, nalo huwaka tena. Rangi ni ileile mahali palepale, kilichobadilika ni uhuru wa zile pete tu.

Ukihamia kwenye polima zilizobeba pete hizo, pima ukolezi kwa uzito, mikrogramu kwa mililita, kwa sababu minyororo yake haina urefu mmoja. Tarajia pia chupa ya asilimia 0 isiwe giza tupu. Mnyororo wenyewe huzishika pete hata polima ikiwa imeyeyuka, hivyo macho hayatatosha: tumia kipima mwanga, na utoe uwiano wa ukali wa kila chupa kwa ule wa chupa isiyo na maji.