Homoni Katika Damu: Somo juu ya Tezi ya Shingo

Katika nchi yetu ya milima ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa mbele ya shingo, si mgeni. Katika somo hili tutajifunza kazi ya tezi ya shingo, na kwa nini mgonjwa asiache dawa yake hata akijiona mzima.

1. Homoni ni nini?

Homoni ni kitu kidogo sana kinachotengenezwa na tezi na kumwagwa katika damu, kipeleke amri mahali pengine mwilini. Tezi ya shingo hutengeneza homoni ya kuamuru mwili utumie chakula, upate joto, na ukue. Ili kuitengeneza, inahitaji iodini. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kila siku. Mama mwenye mimba 250. Ni kidogo sana, lakini pasipo hicho kidogo tezi huvimba kwa kujitahidi bure.

2. Inasafirije?

Homoni hii haiogelei peke yake. Hubebwa na protini za damu, kama vile abiria wa Mudaka wanavyobebwa na gari kwenda Bukavu. Abiria akiwa bado ndani ya gari hawezi kufanya kazi yake sokoni. Sharti ashuke kwanza. Vivyo hivyo, homoni iliyoshikwa na protini haifanyi kazi. Katika sehemu 10,000 za homoni hii, kama 3 tu ndizo zimeshuka na kuwa huru. Nyingine ni akiba: zile zikitumika, nyingine hushuka mahali pao.

3. Inaondolewaje?

Amri isiyo na mwisho ingeuharibu mwili. Kwa hiyo ini, mafigo na viungo vingine huivunja homoni. Kwanza huondoa iodini moja katika zile nne, na homoni hupata nguvu zaidi, lakini haikai sana. Wakiendelea kuondoa, nguvu huisha. Iodini iliyotoka, nyingine hurudi kwenye tezi, nyingine hutoka kwa mkojo. Sehemu ya homoni hupitia nyongo, ikatoka kwa choo.

Homoni zote hazikai muda sawa. Insulini, ile ya kushusha sukari, nusu yake huondoka katika damu kwa dakika chache tu. Homoni ya tezi ya shingo, kwa kuwa imebebwa vizuri, huchukua siku 7 kupungua nusu. Baada ya siku 14 hubaki robo.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mgonjwa huacha vidonge, na juma la kwanza haoni neno. Husema, "Nimepona." Kumbe anaishi kwa akiba. Baadaye huja uchovu, baridi, uvimbe wa uso na uzito wa moyo. Basi, kidonge kimoja kwa siku chatosha, lakini kisiachwe pasipo shauri la mganga.

4. Habari za Idjwi

Katika ziwa letu la Kivu kuna kisiwa cha Idjwi. Mwaka 1968 waganga Delange, Thilly na Ermans waliandika habari zake. Iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu lilizidi sana kaskazini, na kusini-magharibi lilikuwa la wachache. Kwa nini? Mwaka 1971 Delange na Ermans walionyesha kwamba mihogo ya kaskazini ilizuia tezi kupokea iodini. Mihogo isiyotengenezwa vizuri ina sumu. Ini huibadili sumu hiyo, na kile kinachotokea hushindana na iodini mlangoni mwa tezi.

Hatari kubwa ni ya mtoto aliye tumboni. Miezi ya kwanza hutegemea homoni ya mama yake. Akiikosa sana, aweza kuzaliwa kiziwi, dhaifu wa akili, au asikue kimo.

5. Yatupasayo kufanya

Nunueni chumvi yenye iodini. Itunzeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na maji, na mwitie chakula kinapokaribia kuiva.

Lowekeni mihogo michungu siku kadhaa, mwage maji yake, mwianike vema kabla ya kuisaga.

Mama mwenye mimba aende kupimwa mapema. Mwenye rovu naye asikatwe wala kuchanjwa shingoni na mtu wa kijijini, bali aende hospitali.

Maswali

1. Kwa nini homoni iliyobebwa na protini haifanyi kazi?
2. Mgonjwa aliyeacha vidonge siku 7 zilizopita amebakiwa na homoni kiasi gani?
3. Nyumbani kwako, chumvi inawekwa wapi?